Mwalimu Nyerere na swali la ustawi wa jamii: Kutoka vilima vya Pugu hadi Kibaha

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 40, hufika Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Hapo Tumbi ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na jirani yake kuna shule ya sekondari, chuo cha maendeleo ya wananchi na ofisi za Shirika la Elimu Kibaha. Akitoka Dar es Salaam kwa njia nyingine, ile inayopita Uwanja wa Ndege, atafika kwenye vilima vya Pugu, na nyuma ya msitu wake atakuta mji wa Kisarawe. Mahali hapa pawili panahusiana na maisha ya mtu mmoja. Pugu ndiko Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alikoacha mshahara wake ili kuongoza harakati za uhuru. Kibaha ndiko fikra yake ya ustawi wa jamii ilikokutana na uzoefu wa mataifa yaliyojenga huduma kwa kila raia.

Kila mwaka, tarehe 14 Oktoba, Taifa humkumbuka Mwalimu kwa uhuru, umoja na amani. Yapo pia maswali aliyoyashughulikia kwa zaidi ya miaka 30 ambayo wananchi wanayaona hadi leo katika matangazo ya Serikali kuhusu bima ya afya, elimu bila ada na mifuko ya hifadhi ya jamii: mtu anapougua, anapozeeka au anapokosa chakula, nani ana wajibu wa kumsaidia, na gharama hiyo italipwa na nani?

Malezi ya Butiama na masomo ya Edinburgh

Mwalimu Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, katika ukoo wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa Chifu. Alianza shule mwaka 1934 huko Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, kisha akasoma Tabora na baadaye Makerere nchini Uganda, ambako alipata sifa ya ualimu. Kati ya mwaka 1945 na 1949 alifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora.

Malezi ya kijijini yalimwachia kumbukumbu aliyoitumia maisha yake yote. Katika jamii aliyokulia, ardhi ilikuwa ya wote kwa matumizi, chakula kililiwa pamoja, na yatima au mzee hakuhitaji kuandika barua ya kuomba msaada. Hakuna aliyeitwa mpokea ruzuku, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nje ya familia. Hata hivyo, Mwalimu hakuipamba jamii hiyo kupita kiasi. Baadaye, katika andiko lake la mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, alitaja kasoro zake mbili kubwa: hali duni ya wanawake, waliobeba mzigo mkubwa wa kazi kuliko haki yao, na umaskini uliotokana na ujuzi mdogo na zana duni.

Mwaka 1949 alikwenda Uskoti kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akihitimu shahada mwaka 1952. Alifika Uingereza wakati wa mabadiliko makubwa. Mwaka 1942, katikati ya vita, William Beveridge alikuwa ametoa taarifa iliyotaja majitu matano yaliyozuia maendeleo ya jamii: ufukara, maradhi, ujinga, uchafu wa makazi na ukosefu wa kazi. Serikali ya chama cha Labour, chini ya Clement Attlee, iliitekeleza taarifa hiyo kwa sheria za bima na huduma, na tarehe 5 Julai 1948 ilianzisha Huduma ya Taifa ya Afya, iliyotoa matibabu bila malipo kwa mgonjwa anapofika hospitalini.

Hivyo kijana kutoka Butiama aliishi katika dola ya ustawi wa jamii ikiwa bado changa. Aliishi pia katika ubishi wake. Mwaka 1951, serikali ileile ilipoamua kutoza malipo kwa meno ya bandia na miwani, Waziri Aneurin Bevan, aliyeiasisi huduma hiyo ya afya, alijiuzulu. Hata katika nchi yenye viwanda na migodi, haki ya kutibiwa ilikuwa na bei, na bei hiyo iliwagawa watu wa chama kimoja.

Anayesoma orodha ya Beveridge na kuilinganisha na maadui watatu waliotajwa na TANU, yaani umaskini, ujinga na maradhi, huona jinsi zinavyofanana. Tofauti ilikuwa katika silaha za kupambana nao. Uingereza ilikuwa na mamilioni ya wafanyakazi wenye ajira ambao mchango wao uliweza kukatwa kila wiki. Tanganyika ilikuwa na wakulima.

Pugu: mwalimu aliyeacha mshahara

Aliporejea nyumbani alimwoa Maria Gabriel mwezi Januari 1953, kisha akaajiriwa kufundisha katika Chuo cha St. Francis, Pugu. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Waafrika Tanganyika, TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Kazi za chama zilikuwa mjini Dar es Salaam, nayo shule ilikuwa Pugu; mara nyingi Mwalimu aliikata njia hiyo ndefu kwa miguu.

Nchi iliyoizunguka shule hiyo ilimfundisha mambo ambayo hayakuwamo katika vitabu vya Edinburgh. Upande wa Kisarawe waliishi wakulima wa mihogo, minazi na korosho. Huduma za kisasa zilikuwa chache, na sehemu kubwa zilitolewa na misheni. Shule ya Minaki, iliyo Kisarawe, ilikuwa mojawapo ya chache zilizowatoa vijana wa nchi nzima katika giza la kutokusoma. Mkulima wa huko hakuwa na mwajiri, hakuwa na hati ya mshahara, na hakuwa na kiinua mgongo. Akiba yake ilikuwa shamba, na bima yake ilikuwa ndugu na majirani.

Mwezi Machi 1955 Mwalimu alikwenda New York kuieleza hali ya Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimlazimu kuchagua kati ya kufundisha na siasa. Alichagua siasa na kujiuzulu ualimu, na kwa muda alirejea Butiama pamoja na familia yake changa. Msomi mwenye shahada, ambaye angeweza kuishi vizuri kwa kipimo cha wakati ule, alibaki bila kipato cha uhakika. Kwa kipindi hicho yeye mwenyewe aliishi kwa namna ambayo wananchi wengi waliishi, yaani kwa kutegemea ukarimu wa ndugu, marafiki na wanachama wenzake.

Ujamaa kama nadharia ya ustawi

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, mwezi Januari 1962, Mwalimu alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Mfaume Kawawa, ili akaimarishe chama na kuandika. Moja ya matunda ya kipindi hicho ni kijitabu cha mwaka 1962 kinachoeleza ujamaa kama msingi wa usoshalisti wa Kiafrika.

Ili kuelewa uzito wa fikra hiyo, inafaa kuziweka mbele nadharia zilizokuwepo. Nchini Ujerumani, Kansela Otto von Bismarck alianzisha bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini mwaka 1884 na pensheni ya uzeeni mwaka 1889. Hapo ustawi uliambatana na ajira: aliyechangia ndiye aliyelindwa. Baadaye mwanazuoni wa Uingereza, Richard Titmuss, alizigawa sera za ustawi katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni lile ambalo serikali huingilia tu pale familia na soko vinaposhindwa. La pili ni lile ambalo mafao humfuata mtu kwa kadiri ya kazi na mchango wake. La tatu ni lile ambalo huduma hutolewa kwa raia wote kama haki, kwa kugawa upya pato la taifa kupitia kodi.

Fikra ya Mwalimu haikuingia sawasawa katika kundi lolote kati ya hayo. Yeye alianza na familia, lakini hakuiachia familia peke yake mzigo wote. Alitaka mipaka ya undugu ipanuliwe, kutoka ukoo hadi kabila, kutoka kabila hadi taifa, na hatimaye hadi binadamu wote. Ndani ya undugu huo, haki ya kutunzwa ilikwenda pamoja na wajibu wa kufanya kazi. Alikumbusha desturi inayojulikana na kila Mswahili, kwamba mgeni hukaribishwa kwa heshima, lakini baada ya siku chache hupewa jembe. Mvivu, kwa mtazamo wake, alikuwa mnyonyaji sawa na tajiri anayeishi kwa jasho la wengine.

Nguvu ya nadharia hiyo ilikuwa katika lugha yake. Mwananchi wa Kisarawe ambaye hajawahi kusikia habari za Bismarck alielewa mara moja maana ya ndugu, jembe na chakula cha pamoja. Ugumu wake ulikuwa palepale. Katika ukoo, anayesaidia anamjua anayesaidiwa, na mvivu anaonekana kwa macho. Taifa lina mamilioni ya watu wasiojuana. Linahitaji kodi, madaftari, maofisa na sheria. Kugeuza upendo wa familia kuwa mfumo wa serikali ilikuwa kazi ambayo kijitabu hicho hakikueleza kwa kina, na ndiyo kazi iliyojaza miaka yake iliyofuata.

Kibaha: undugu wakutana na dola ya ustawi

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha Kibaha mradi wa pamoja uliojulikana kama Kituo cha Nordic Tanganyika. Lengo lake lilikuwa kupambana na maadui watatu kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Shule ya sekondari ilielekezwa dhidi ya ujinga, kituo cha afya dhidi ya maradhi, na mafunzo ya wakulima dhidi ya umaskini.

Wageni hao walikuwa na historia yao. Sweden ilikuwa nchi ya wakulima maskini, na wengi wao walihamia Marekani kutafuta maisha. Mwaka 1928 kiongozi wa chama cha Social Democrats, Per Albin Hansson, aliieleza nchi anayoitaka kuwa mfano wa nyumba njema, ambamo hakuna mtoto anayependelewa wala anayetupwa. Mfano wa nyumba ulifanana na mfano wa familia alioutumia Mwalimu. Lakini nyumba ya Sweden ilijengwa kwa miongo mingi, juu ya chuma, mbao na viwanda, vyama imara vya wafanyakazi, serikali za mitaa zenye uwezo, na raia waliokubali kulipa kodi kubwa kwa sababu waliona huduma zake. Tanganyika ilikuwa na mkonge, kahawa na pamba, mazao ambayo bei zake zilipangwa ng'ambo.

Katika miaka hiyohiyo Titmuss na wenzake waliombwa kuchunguza huduma za afya za Tanganyika, na taarifa yao ilitoka mwaka 1964. Walishauri nguvu zielekezwe kwenye kinga na vituo vya afya vijijini, badala ya fedha zote kuishia kwenye hospitali kubwa za mijini. Ushauri huo ulikubaliana na mwelekeo ambao Mwalimu aliufuata baadaye. Mwaka 1964 pia ilitungwa sheria ya Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao baada ya mageuzi ndio uliozaa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, mwaka 1997. Mfuko huo uliwalinda walioajiriwa. Mkulima alibaki nje, na pengo hilo ndilo lililomsumbua Mwalimu.

Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwarudisha makwao, kisha akapunguza mshahara wake na wa viongozi wa juu kwa asilimia 20. Ujumbe wake ulikuwa kwamba elimu yao imelipiwa na wakulima, na deni hilo lazima lirudi vijijini. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, lililosisitiza kwamba maendeleo huletwa na watu na kazi yao, na kwamba taifa linalotegemea fedha za wengine haliwezi kuwa huru kwa ukamilifu.

Kwa kipimo hicho, Kibaha lilikuwa jaribio gumu: kituo cha kujitegemea kilichojengwa kwa msaada. Mwezi Januari 1970 kituo kilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kuanzia hapo mishahara, dawa na vitabu vikawa jukumu la Watanzania wenyewe. Shirika hilo limeendelea hadi leo, na miongoni mwa waliosoma katika shule yake ya sekondari ni Rais wa Awamu ya Nne, Dkt. Jakaya Mrisho Kikwete.

Mafanikio na gharama yake

Miaka ya 1970 ilikuwa ya kampeni kubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, iliwafikia watu wapatao milioni mbili, wakachimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza rasmi mwaka 1977. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa chini ya nusu milioni wakati wa uhuru, walizidi milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1975 vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden. Kibaha na Kisarawe ni miongoni mwa sehemu zenye vyuo hivyo.

Gharama pia ilikuwa kubwa. Ili huduma ziwafikie watu waliotawanyika, Serikali iliwahamishia mamilioni katika vijiji vya pamoja. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba ujamaa hauwezi kuletwa kwa nguvu, lakini katika operesheni za mwaka 1973 hadi 1976 nguvu ilitumika mahali pengi, na wapo walioacha mashamba na nyumba zao. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976. Mwalimu mwenyewe alikiri baadaye kwamba hatua hizo mbili zilikuwa makosa. Vyombo hivyo vilikuwa karibu na wananchi, na ustawi unaopangwa mbali na wananchi hupoteza macho ya jirani, yale yaliyoufanya undugu wa kijijini ufanye kazi.

Bei ya mafuta iliyopanda, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliikausha hazina. Shule zilikuwepo, lakini vitabu vilikuwa haba. Zahanati zilikuwepo, lakini dawa ziliadimika. Mwalimu alipinga masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yaliyotaka matumizi ya huduma yapunguzwe. Mwezi Novemba 1985 aling'atuka, akamwachia Alhaji Ali Hassan Mwinyi, na mwaka uliofuata nchi ilifikia makubaliano na Shirika hilo. Mwaka 1993 ulianza uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za umma.

Baada ya kung'atuka aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, kisha akashughulikia usuluhishi wa Burundi. Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St. Thomas, London, kwa ugonjwa wa saratani ya damu, na akazikwa Butiama.

Swali linalobaki

Historia haikumpa Mwalimu ushindi kamili, wala haikumwacha mikono mitupu. Alionesha kwamba nchi maskini inaweza kufundisha watu wake kusoma na kupeleka huduma vijijini kabla ya kuwa tajiri, mradi viongozi wakubali kupunguza cha kwao. Miaka ya shida ilionesha upande wa pili, kwamba huduma isiyo na uchumi wa kuilisha na wananchi wa kuisimamia haidumu kwa nia njema peke yake.

Mwaka 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunguliwa Kwa Mfipa, Kibaha. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayoweka pia utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Mkulima wa mihogo wa Kisarawe, asiye na mwajiri wala hati ya mshahara, ndiye atakayekuwa kipimo cha sheria hiyo, kama alivyokuwa kipimo cha ujamaa. Mwananchi anayesikia tangazo la kujiandikisha katika bima hiyo anaitwa kuingia katika makubaliano ambayo Mwalimu aliyaeleza tangu mwaka 1962: kila mwenye nguvu alete jembe lake, na asiye na nguvu asiachwe nje ya nyumba.